Mtaalamu wa Swala wa Sundbyberg

Ijumaa iliyopita mlinikatia keki, mkaniimbia, kisha mkasimama kimya mkinitazama kama watu wanaosubiri basi. Nilielewa kwamba hiyo ndiyo hotuba ya kuagwa ya Kiswidi, nami nikaijibu kwa kunyamaza vizuri kadiri nilivyoweza. Lakini nilipofika mlangoni Baraka akanishika mkono akasema, "Mzee Mhando, unaondoka na mambo yote kichwani. Sisi tutamuuliza nani?" Baraka ni Mkongomani, na Wakongomani wana namna ya kukusifu ukahisi umelaumiwa.

Basi nimekaa hapa nyumbani Akalla na daftari. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu nyinyi mnaochonga sasa karakanani mnaelewana kwa Kiswahili kuliko lugha yoyote nyingine, na kwa sababu wanangu hawatasoma. Wanangu nikiwasemesha Kiswahili hunijibu kwa Kiswidi, hata nikiwa nawagombeza. Ya vyeo na mishahara siandiki, hayajawahi kumfundisha mtu kuchonga. Nitawaeleza nilivyoingia kazini, na jinsi swala mmoja wa mbao alivyokaribia kunirudisha Tanga.

Nilifika karakana ya Sundbyberg mwaka 1968, majani yakiwa yanapukutika. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, seremala, nimekuja kwa mafunzo ya miaka minne. Nilitarajia kiwanda cha makabati. Nikakuta chumba kirefu chenye harufu ya gundi, na rafu zilizojaa bata kutoka sakafuni hadi darini. Bata wa mbao, mamia kwa mamia, wote wananitazama. Mwenye karakana, Mzee Holmkvist, alikuwa mrefu, mwembamba, amevaa koti jeupe kama daktari.

Nikamuuliza kwa Kiswidi changu cha wiki sita, "Hawa bata ni wa watoto?"

Akaonekana kuumia. "Ni wa bata," akasema.

Alikuwa hatanii. Mwindaji huwaacha waelee ziwani, yeye akajificha kwenye matete. Bata wa kweli akipita angani akaona wenzake wametulia, hushuka kuwasalimu, na salamu inamponza. Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote: kutengeneza wanyama wa bandia wanaowadanganya wanyama wa kweli. Mama yangu nilimwandikia kwamba niko kwenye samani.

Aliyenifundisha hasa ni Greta, mchoraji wetu. Alikuwa na umri wa miaka sitini hivi, miwani ameifunga kwa kamba, na alipaka mabawa ya bata kwa haraka ile ya mtu anayemenya viazi. Siku ya kwanza nilimwita Mama Greta. Akasema hajazaa. Siku ya pili nikamwita Bi Greta. Akasema siku hizi Uswidi nzima imeamua kuitana "wewe," kuanzia waziri hadi mfagiaji, na mimi si wa kuwarudisha nyuma. Kumwita mtu wa rika la mama yangu "wewe Greta" kulinichukua miezi minne, na hata hapo nilikuwa nasema huku nimeinamisha kichwa.

Bata wangu wa kwanza nilimpiga msasa siku tatu. Nikampaka vanishi hadi nikajiona usoni mwake. Greta akamchukua, akatoka naye uani kwenye pipa la maji, akamtupa humo. Jua likatokeza.

"Unaona nini?" akauliza.

"Naona anapendeza."

"Anang'aa kama kiatu cha askari. Umemtengenezea nani?"

"Mteja."

"Mteja wako ni nani?"

"Mwindaji."

"Mwindaji analipia tu. Mteja wako ana manyoya, na yuko juu angani anapita kwa haraka. Amewahi kuona bata wa vanishi?"

Akamkwangua kwa msasa mnene, akampaka rangi iliyochanganywa na unga wa chaki hadi akafifia kabisa. Nusura nilie. Lakini baada ya hapo sikusahau: mng'ao ndio adui wa kwanza. La pili alilonifundisha ni kwamba mnyama hatazami kila kitu. Anatazama vitu viwili au vitatu vinavyomhusu. Hivyo vifanye vikubwa kidogo kuliko vilivyo, na vingine viache. Kuna vijana hapo karakanani wanaopoteza siku nzima wakichora kucha za bata. Sitaji majina.

Mwaka 1972 ikaja barua kutoka Amerika. Mzee Holmkvist hakujua Kiingereza, kwa hiyo barua za nje zilikuwa zangu. Mwandishi alikuwa mwindaji wa Wyoming, Bwana Whitcomb, asiyetumia bunduki ila upinde na mshale. Alikuwa akiwawinda swala wa huko kwao, wenye pembe zilizochipua panda kwa mbele. Sisi tukawaita pembepanda. Alisema swala hao wanaishi kwenye uwanda usio na hata kichaka cha kujisitiri, na macho yao yanaona mtu akiwa bado hajaamua kwenda. Mwenye bunduki anaweza kulenga kutoka mbali. Mwenye upinde lazima afike hatua thelathini. Kwa hiyo alitaka swala wa bandia: mwepesi, wa kukunjwa na kubebwa mgongoni, ambaye mwindaji atatambaa nyuma yake hadi karibu.

Mzee Holmkvist alisikiliza tafsiri yangu, akaivua miwani.

"Bata najua," akasema. "Swala sijui. Lakini Mhando ametoka Afrika."

Karakana nzima ikageuka kunitazama, pamoja na bata.

"Kwenu kuna swala?" akauliza.

Nilizaliwa Ngamiani, katikati ya mji wa Tanga. Baba alikuwa karani. Mnyama wa porini niliyemjua kwa karibu alikuwa mbuzi wa jirani aliyekula daftari langu la hesabu. Lakini swali lilikuwa kama kwetu kuna swala, na kwetu Tanzania swala wako.

"Wapo wengi," nikasema.

"Unawajua?"

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema hapana. Lakini mafunzo yangu yalikuwa yanakwisha mwishoni mwa mwaka ule, na kibali changu pamoja nayo. Ningerudi Tanga kutengeneza milango. Sina ubaya na milango, lakini mlango haumdanganyi mtu. Nilikuwa nimeshaipenda kazi hii kuliko nilivyokuwa tayari kukiri.

"Nawajua," nikasema.

Wiki hiyohiyo Mzee Holmkvist aliiandikia idara ya wageni kuomba nibakizwe. Alinionyesha nakala kwa fahari. Ilisema kwamba Bwana Mhando ana ujuzi wa swala tangu utotoni, ujuzi ambao hakuna Mswidi anayeweza kuutoa. Masikio yangu yalipata moto, ingawa nje kulikuwa na theluji.

Nilimkimbilia Samweli, Mtanzania mwenzangu aliyekuwa akisomea uhandisi, mtu wa Arusha. Nikamwambia, "Kaka, niokoe. Swala yukoje?"

Samweli akajiegemeza kwenye kiti kama mwalimu mkuu. "Swala, bwana wee, ni mkia. Ule mkia hautulii hata dakika moja. Unapiga huku na huku, huku na huku. Swala ambaye hatikisi mkia amekufa."

Nilirudi na nguvu mpya. Nikakata mwili kwa plaiwudi nyembamba ya milimita nne ili uwe mwepesi, vipande viwili vilivyoungwa kwa bawaba, vikikunjwa kama kitabu. Shingo na kichwa vilichomekwa kando. Chini kulikuwa na misumari mirefu miwili ya kuchoma ardhini, nyuma mpini, na begani kidirisha kidogo cha mwindaji kuchungulia. Upana niliupima kwa kuvuta fagio la Greta kama upinde, kwa sababu anayevuta upinde anahitaji nafasi ya kiwiko, na kiwiko kikionekana nje ya swala kazi yote imeharibika. Mwisho nikaunganisha mkia na uzi. Ukivuta uzi, mkia unapiga huku na huku. Nilijivunia mkia ule kuliko chochote nilichokuwa nimetengeneza. Tukampeleka Amerika kwenye sanduku.

Jibu likaja. Mzee Holmkvist akawaita wote wasikilize, nami nikaifungua barua mbele yao. Bwana Whitcomb alisifu bawaba. Alisifu kidirisha. Kisha akauliza, kwa herufi kubwa, mkia ule ni wa nini, na huyu ni mbwa au ni swala.

"Anasema mkia umemfurahisha sana," nikatafsiri, "ila anaomba usitikisike."

"Mteja mwenye adabu," akasema Mzee Holmkvist.

Kesho yake saa ya kahawa Greta akaja kukaa kando yangu. Akatia sukari, akakoroga, akasema kwa Kiingereza safi kabisa, "Huyu ni mbwa au ni swala?"

Kikombe changu kilinitoka mkononi. Kumbe Greta alipokuwa msichana aliwahi kufanya kazi za nyumbani Minnesota kwa miaka saba. Hakuna aliyewahi kumuuliza, naye hakuona sababu ya kutangaza.

"Hujawahi kumwona swala," akasema, sasa kwa Kiswidi.

"Sijawahi."

"Na rafiki yako wa mkia?"

Ilibidi nikiri kwamba nilikuwa nimembana Samweli vizuri siku iliyotangulia, akaniambia kwamba naye swala aliwaona mara moja tu, dirishani mwa basi, nao walikuwa mbali.

Greta hakucheka. "Utamwambia mzee?"

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Nikishapata kibali."

Alinitazama jinsi alivyomtazama bata yule wa vanishi. Kisha akasema maneno ambayo nawaachia nyinyi kama kifaa kingine cha kazi. "Basi walau acha kumwambia Mmarekani unachokijua. Muulize."

Nikaanza kuuliza. Nilimwandikia Bwana Whitcomb maswali kurasa tatu, naye akajibu kurasa kumi na moja, maana mwindaji akiulizwa kuhusu uwindaji hana breki. Ndipo nikajua kwamba makalio ya pembepanda ni meupe pe, na akishtuka manyoya hayo husimama, na wenzake huyaona kutoka mbali. Nikajua kwamba dume ana doa jeusi chini ya taya, na usipoliweka hakuna dume atakayemjali. Na jambo kubwa kuliko yote: pembe zisiwe ndefu. Ukimwekea swala wako pembe kubwa, dume la eneo lile litafikiria mara mbili. Mwekee pembe fupi kuliko masikio, awe kijana mtovu wa adabu aliyeingia kwenye majike ya mzee, na mzee atakuja mbio kumfundisha heshima. Mtego mzima ni hasira. Bata anakuja kwa upweke, pembepanda anakuja kwa wivu.

Greta alichanganya rangi, mimi nikachonga, mkia nikaugandisha kwa gundi. Safari hii Bwana Whitcomb hakutaka atumiwe sanduku. Aliandika kwamba anakuja mwenyewe, Agosti, akutane na mtaalamu wa swala.

Alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya uwanjani, na alinikumbatia mbele ya karakana nzima, jambo ambalo Sundbyberg halikuwa limezoeleka. Alikuja na upinde wake. Mzee Holmkvist alipouona alifadhaika. Kuwinda kwa upinde kulikatazwa Uswidi, na Mzee Holmkvist alikuwa mtu ambaye hakuvuka barabara tupu kama taa ni nyekundu. Akaufunga upinde kwenye buti la gari lake na ufunguo akautia mfuko wa ndani. Tungejaribu swala bila silaha, kuona tu tutamsogelea mnyama kwa umbali gani. Pembepanda hatuna, lakini Agosti madume ya paa wa huku nayo yana wivu wao.

Tulikwenda uwanda wa Järva, upande wa Kista. Msione vituo vya treni na maduka mkadhani vilikuwepo tangu Nuhu. Siku zile jeshi lililokuwa likifanyia mazoezi hapo lilikuwa limeshaondoka, wajenzi ndio kwanza wanaingia, na katikati kulikuwa na nyasi, miti ya mibetula na winchi za ujenzi kwa mbali. Mzee Holmkvist alibaki garini na chupa ya kahawa, akililinda buti. Mimi na Bwana Whitcomb tukashuka bondeni.

Dume la paa lilikuwa pembezoni mwa miti. Tulifungua swala tukiwa tumelala, upepo unatupiga usoni, tukamwinua polepole kama jua linalochomoza. Mimi nilishika mpini na kuchungulia kidirishani. Bwana Whitcomb alikuwa nyuma ya visigino vyangu, haoni kitu ila soli za viatu, akininong'oneza maelekezo.

"Usimwendee moja kwa moja. Nenda kama unapita zako."

Nikatambaa kama napita zangu. Magoti yangu yanakumbuka hadi leo.

"Akikutazama simama. Anakutazama?"

"Ananitazama."

"Mpe ubavu. Mpe ubavu!"

Nikageuza swala kidogo. Paa akanyanyua kichwa, akapiga kwato chini. Akaja hatua kumi. Moyo wangu ulikuwa unagonga plaiwudi. Kisha ghafla akaruka, akatokomea mitini.

"Kitu kimemshtua," akasema Bwana Whitcomb. "Tulia. Mara nyingi hurudi."

Nikachungulia kuona kitu chenyewe. Mbele yetu, upande wa kushoto, kulikuwa na kofia mbili kwenye nyasi. Zilikuwa za polisi, na zilikuwa zinatambaa.

Baadaye tulijua kilichotokea. Bwana mmoja aliyekuwa akitazama ndege kwa darubini aliona mnyama wa ajabu, akakimbilia simu ya wajenzi, akaripoti kwamba swala ametoroka bustani ya wanyama na anaelekea kwenye nyumba mpya. Polisi wawili wakaja, mmoja wa makamo na mmoja kijana mwenye bunduki. Wakamkuta Mzee Holmkvist garini. Wakamuuliza kama ameona swala. Mzee Holmkvist hakuwahi kusema uongo maishani mwake, na kichwani hakuwa na kitu ila upinde ulioko kwenye buti. Akajibu, "Ndiyo," akawaonyesha njia. Nilipomuuliza baadaye kwa nini, alisema, "Waliuliza kama nimeona swala. Nilikuwa nimeona."

"Bwana Whitcomb," nikanong'ona, "kuna polisi."

"Wapuuze."

"Mmoja ana bunduki."

"Kwani ni msimu wa bunduki?"

Upepo ukaniletea sauti zao, kwa Kiswidi, waziwazi.

"Mbona hasogei?" akauliza yule kijana.

"Mgonjwa, labda. Tazama alivyokaza mkia."

"Nimpige wapi?"

"Begani. Pale penye alama ya mraba."

Alama ya mraba ilikuwa kidirisha. Nyuma ya kidirisha nilikuwa mimi. Na plaiwudi ya milimita nne niliichagua mwenyewe, kwa ajili ya wepesi.

Nyuma yangu Mmarekani ananiambia nisitikisike hata unywele. Mbele yangu Mswidi anavuta komeo la bunduki. Nilitaka kupiga kelele, lakini neno lililotoka lilikuwa lile ambalo miaka minne ya Uswidi hukuwekea ulimini kabla ya yote.

"Samahani," nikasema.

Halafu polisi wa makamo, kwa mazoea ya malezi mema, akajibu, "Habari za mchana."

"Umemsikia?" kijana akauliza.

"Nimemsikia."

"Amesema samahani."

"Nimemsikia. Na ana lafudhi."

Nikainua mkono mmoja juu ya mgongo wa swala, taratibu, kisha wa pili. Yule kijana aliishusha bunduki, akakaa kwenye nyasi, akavua kofia. Bwana Whitcomb alipoinuka na kuelezwa, furaha yake haikuwa na mipaka. "Walitambaa?" alikuwa anauliza. "Walitambaa kweli? Kutoka wapi?" Akawashika polisi mikono, akawarudisha walikoanzia, akawahesabia hatua hadi kwa swala. Thelathini na moja. "Upinde unafika!" akawaambia, akiwapigapiga mabegani. Nilichagua kutoitafsiri hiyo.

Tulipelekwa kituoni wote, pamoja na swala, aliyekaa kiti cha mbele kwa sababu hakukunjika vizuri baada ya misukosuko. Polisi wa makamo akatutilia kahawa, akachukua fomu, akamuuliza Mzee Holmkvist mimi ni nani.

"Ni mtaalamu wetu wa swala," akasema Mzee Holmkvist. "Anawajua tangu utotoni."

Kalamu ikaanza kuandika. Sijui hasa ni nini kilichonishika. Labda ni kuona uongo wangu ukiingia kwenye karatasi ya pili ya serikali, kwa kinywa cha mtu ambaye hakuweza kusema wake mwenyewe hata kwa ajili ya kuokoa buti lake.

"Usiandike hivyo," nikasema. "Si kweli. Sijawahi kumwona swala hata mmoja. Mimi ni mtu wa mjini."

Kalamu ikasimama. Mzee Holmkvist akaweka kikombe mezani kwa uangalifu mkubwa, kama kikombe kimejaa hadi ukingoni.

"Kasemaje?" akauliza Bwana Whitcomb.

Hakukuwa na mkalimani mwingine. Ikabidi niyatafsiri mwenyewe maungamo yangu kwa Kiingereza, nayo ndiyo tafsiri pekee niliyomfanyia bwana yule bila kupunguza neno.

Akafikiri. "Kwa hiyo ule mkia?"

"Mkia ulikuwa wa rafiki yangu Samweli. Aliuona akiwa ndani ya basi."

Bwana Whitcomb alicheka hadi akalazwa kwenye benchi. Yule polisi kijana naye akacheka, nadhani kwa ahueni. Mzee Holmkvist hakucheka. Alituendesha hadi Sundbyberg. Akafungua buti, akampa Mmarekani upinde wake, akaingia ndani.

Siku mbili nilichonga bata bila kuinua macho. Nilikuwa nimeshaanza kupanga nguo kwenye sanduku. Siku ya tatu akaniita ofisini. Mezani kulikuwa na barua mpya kwa idara ya wageni.

"Soma," akasema. "Kama kuna uongo ndani yake, sema sasa."

Barua ilisema kwamba ile ya kwanza ifutwe. Ilisema Bwana Mhando hajawahi kuona swala hai. Ilisema pamoja na hayo alitengeneza mmoja ambaye, mchana kweupe, aliwadanganya mtazama ndege mzoefu na maofisa wawili wa polisi, kwa hatua thelathini na moja. Ripoti ya polisi iliambatanishwa.

"Hakuna uongo," nikasema.

"Uliniaibisha," akasema. Kisha akaongeza, "Kiswidi chake kiko sawa? Greta anasema natumia koma nyingi."

Kibali kilikuja Oktoba. Wiki hiyohiyo likafika sanduku kutoka Wyoming. Ndani yake alikuwa swala wetu, amepasuka kutoka bega hadi bega, na barua. Bwana Whitcomb alikuwa ametambaa nyuma yake asubuhi nzima hadi akalifikia dume zee lenye majike tisa. Akamwinua kijana wetu mtovu wa adabu. Dume halikusita. Lilikuja mbio kwa kasi hivi kwamba, aliandika, mshale ulikuwa bado haujakaa kwenye uzi. Likampiga swala pembe, pembe ikatokea upande wa pili, na Bwana Whitcomb akaanguka chali juu ya upinde wake. Dume likasimama juu yake, likamtazama kama karani anayetazama fomu iliyojazwa vibaya, likaondoka. Hakurusha mshale hata mmoja. Alisema ndiyo siku bora ya maisha yake, na anaomba swala wengine kumi na wawili.

Kwenye ufa wa plaiwudi kulikuwa kumenasa kishungi cha nywele. Nilikinyofoa taratibu. Nywele zilikuwa nene, ngumu, na zilikatika kwa urahisi kama majani makavu. Nilimpelekea Greta. Alikuwa dirishani, na mimi nilikuwa nimeshavaa koti, maana Samweli alikuwa ananingoja tusherehekee kibali.

Greta akaziweka nywele juu ya ubavu wa swala wetu, akaikaza miwani.

"Tumekosea rangi," akasema.

"Lakini alikuja, Greta."

"Alikuja kumpiga."

"Ndivyo tulivyotaka."

"Huyu amempiga kwa ajili ya rangi," akasema, akaanza kufungua makopo. "Tazama. Chini ni kijivu, juu ndiyo hudhurungi. Sisi tumepaka hudhurungi tupu. Kumi na wawili hatuwatumi hivi."

Nilitazama. Alisema kweli. Nikavua koti, nikakaa.